Matawi Nyuma ya Lori

Nashilu alikuwa ameketi chini ya ukuta wa kituo cha polisi cha Same tangu jua halijapanda juu ya milima. Miguu alikuwa ameinyoosha mbele, na kibuyu cha maziwa amekifunika kwa pindo la shuka kisipate vumbi. Askari walipita wakiingia na kutoka, wala hakumsimamisha hata mmoja. Sajini Dorkas alipokaribia ndipo aliponyanyuka.

"Shikamoo, yeyo," alisema Nashilu, akimwita mama kwa Kimasai.

"Marahaba, mwanangu. Umekula wewe?"

"Nitakula akitoka."

 Dorkas akavuta kitenge alichojitanda juu ya sare, akaingia ndani.

Mume wa Nashilu, Sankale, mfugaji wa mbuzi wa huko tambarare, alikuwa mahabusu tangu jana asubuhi. Ilidaiwa kwamba yeye na wenzake walilivamia lori lililokuwa limepata pancha kwenye barabara kuu, upande wa kuja kutoka Makanya, wakampiga utingo kichwani, wakaondoka na matairi mawili mapya ya spea. Utingo huyo, Amiri, alikuwa amelazwa hospitali, hajafumbua macho. Aliyeyasema hayo yote ni dereva wa lori, Loth. Na watu wa bodaboda walipokimbilia pale walimkuta Sankale amepiga magoti juu ya Amiri, damu imemjaa kwenye shuka.

Mkuu wa upelelezi alikuwa mezani anakunywa chai. Mbele yake palikuwa na katambuga za Sankale, viatu vya mpira wa tairi, zimefungwa kamba, na vipande vya tairi vilivyokutwa jana bomani kwake.

"Umeviona?" alisema Mkuu. "Mwizi wa tairi kakutwa na tairi. Mchana huu nampeleka mahakamani. Na yule utingo akitutoka, shitaka linageuka kuwa la mauaji, na hapo hakuna dhamana."

Dorkas alichukua kipande kimoja, akakikunja, akapitisha kidole gumba taratibu kwenye ukingo uliokatwa, kama mtu anayepima makali ya kisu cha jikoni.

"Afande, tajiri mwenye gari alisema matairi yake ni ya aina gani?"

"Mapya. Ya waya."

"Haya ni ya nyuzi tupu. Tairi la waya ukilikata, ukingo wake unakuchoma vidole kama mwiba, na hakuna fundi wa katambuga anayelitaka. Halafu angalia hapa, limelika mpaka meno yamekwisha. Hili ni tairi kuukuu la kushonea viatu."

"Basi yale mapya kayaficha kwingine."

"Huenda."

"Dorkas, dereva kaona kwa macho yake!"

"Ndiyo, afande. Nami nataka nikaone alichokiona, kabla lori halijaondolewa."

Mkuu alipuliza chai yake. "Nenda. Lakini jalada halitakusubiri."

Kabla ya kutoka Dorkas alipitia mahabusu. Sankale alikuwa amesimama peku nyuma ya nondo. Shuka lake lilikuwa limechanika upande mmoja, kipande kizima hakipo.

"Nilivusha mbuzi kabla magari hayajawa mengi," alisema. "Nikamkuta mtu amelala, kichwa kinavuja. Nikachana shuka, nikamfunga. Dereva alikuwa juu ndani ya gari, anaongea na simu. Aliponiona akaanza kupiga kelele za mwizi."

"Alikuwa anaongea na simu, na mtu wake anavuja damu chini?"

"Mimi nasema nilichoona. Wewe ndiye polisi."

Lilikuwa jibu la mtu aliyechoka kusema. Dorkas hakuliamini, wala hakulikataa. Kwa miaka yote ya kazi yake alikuwa amejifunza kuyaweka maneno ya watu pembeni kwanza, yapoe.

Konstebo Elinaza ndiye aliyeendesha gari la polisi, na kinywa chake hakikupumzika njia nzima. "Mama Dorkas, hawa wafugaji na tairi ni chanda na pete. Hata viatu vyao ni tairi."

"Na wewe viatu vyako ni ngozi. Ng'ombe akiibwa nikukamate?"

Elinaza akacheka, akaongeza mwendo.

Lori lilikuwa pale pale, kichwa kimeelekea Same, tela refu limebeba mabati, nusu liko kwenye lami na nusu kwenye vumbi. Tairi la nje la mwisho, upande wa kushoto wa tela, lilikuwa limelala chini kabisa. Milima ya Upare ilikuwa imesimama upande wa kulia, mawingu yameketi kileleni, na huku chini ilikuwa migunga na miiba mitupu hadi macho yanapoishia. Loth alikuwa amelala garini kulinda mzigo. Walimkuta amewasha jiko la mchina kando ya gurudumu la mbele, anachemsha chai. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, nadhifu, shati amelichomekea.

"Shikamoo, mama. Karibu chai."

"Marahaba. Nimekaribia."

Hakukaa. Alilizunguka lori polepole, mikono nyuma, kama mama mwenye nyumba anayekagua ua baada ya kufagiliwa. Nyuma ya lori, umbali wa kutosha, kulikuwa na matawi yamelazwa barabarani, na mbele vilevile, kama wafanyavyo madereva wote gari linapoharibika. Dorkas aliinama akaokota tawi moja. Majani yalikuwa yameanza kujikunja kwa jua, lakini yalikuwa hayajabadilika sura: yamechanwachanwa kama unyoya wa kuku, juu kijani, chini yana rangi ya fedha. Alilishika muda mrefu kidogo. Kisha akavunja kijitawi, akakitia mkobani, wala hakumwambia mtu kitu.

Alirudi kwa Loth, akapokea kikombe. Wakati anapokea, aliitazama mikono iliyompa: viganja, migongo ya mikono, mpaka kwenye viwiko. Ilikuwa safi, bila mchubuko.

"Hebu niambie tena, baba. Polepole, mimi si mtu wa magari."

"Tulipata pancha alfajiri, mama. Nikaegesha. Nikachukua panga, nikakata matawi hapo kichakani, nikayaweka mbele na nyuma. Amiri akashusha spea zote mbili."

"Zote mbili? Tairi lililolala ni moja."

"Tulitaka kuchagua lenye upepo mzuri."

"Mapya yote mawili, na mnachagua?"

Loth alitabasamu. "Ndivyo kazi zetu, mama. Tukaweka mawe, tukalegeza nati, tunataka sasa kupiga jeki, ndipo wakatokea porini. Mmoja akanyakua bomba la spana, akampiga Amiri. Wengine wakayasukuma matairi kuelekea huko. Mimi nikaruka garini nikafunga mlango. Ningefanyaje peke yangu?"

"Hapana, ulifanya vizuri. Walikuwa wangapi?"

"Wengi."

"Huyu Sankale ulimtambua?"

"Huyo ndiye aliyepiga. Wenzake wakakimbia, yeye akabaki kumpekua Amiri mifukoni."

Dorkas alikunywa chai yote, akarudisha kikombe, akashukuru. Ilikuwa imekolezwa tangawizi, chai nzuri kabisa.

Alama za matairi zilionekana wazi kwenye vumbi kando ya lami, mistari miwili yenye meno makali ya tairi ambalo halijatembea. Dorkas alizifuata, Elinaza nyuma yake. Hazikwenda porini. Zilipinda nyuma ya kichaka cha miiba, zikakoma ghafla, na zilipokoma palikuwa na alama za gari dogo lililogeuza na kurudi kwenye njia ya vumbi iendayo milimani.

"Wafugaji wana pikapu siku hizi," alisema Elinaza.

"Wapo wenye nazo. Chuchumaa hapa. Unaona nini?"

Elinaza alichuchumaa. "Kwato za mbuzi."

"Ziko wapi?"

"Hapa kwenye... " Akasogeza uso karibu. "Ziko juu ya alama za tairi, mama. Zimezikanyaga."

"Kwa hiyo nani alitangulia kupita?"

"Matairi." Alinyanyuka akijipangusa magoti. "Basi Sankale hahusiki!"

"Usikimbie. Pengine wenzake walitangulia na yeye akaja na mbuzi baadaye kuangalia. Hilo peke yake halimtoi mtu mahabusu."

Walirudi kwenye lile tairi lililolala. Dorkas aliinama kwa tabu, mkono mmoja kiunoni, akapapasa kuzunguka mpira wote alioweza kuufikia. Hakukuwa na msumari, wala mpasuko. Akafungua kifuniko cha valvu, akachungulia. Pale ndani panapokaa kile kidude kidogo kama sindano, kinachozuia upepo usitoke, palikuwa patupu. Kifuniko kilikuwa kimerudishwa juu yake vizuri, kimekazwa.

Akakirudisha kama kilivyokuwa.

"Elinaza," alisema kwa sauti ya chini, "nenda kwa fundi pancha yeyote pale Same. Mwombe sindano ya valvu ya tairi kubwa. Usimweleze ni ya nini. Rudi upesi."

Gari la polisi lilipoondoka, Loth alisogea, akaketi juu ya jiwe karibu naye. Akashusha pumzi.

"Mama, mimi nakujua. Kwenu ni Vudee, karibu na kanisa. Mimi nimeoa huko huko. Sisi ni watu wa mlimani, tunajuana."

"Tunajuana, ndiyo. Mkeo ni wa nani?"

"Dada yake Eliezeri. Yule mwenye pikapu, anayeuza kuni."

"Ah, Eliezeri," alisema Dorkas, kana kwamba habari ile haikumhusu. "Hajambo?"

"Hajambo. Sasa mama, kweli utachukua neno la mtu wa porini uliache la mtoto wa kwenu? Watu wa barabarani wote wanasema ni yeye."

"Watu wa barabarani walikuta mtu amepiga magoti. Waliona magoti tu." Akageuka kumtazama. "Na kichwa cha Amiri nani alikifunga?"

Loth alisita. "Kilifungwa?"

"Alifika hospitali kimefungwa vizuri."

"Basi ni hao wa bodaboda."

"Kwa kipande cha shuka la kimasai?"

Loth alilitazama jiko lake. Chai ilikuwa imekauka sufuriani, inanuka kuungua. Alilizima.

Elinaza aliporudi, Dorkas alisimama akakung'uta kitenge. "Haya, baba. Lori haliwezi kulala hapa leo tena. Hebu badilisha hilo tairi, na mimi nione kazi yenu inavyokwenda. Anza kama ulivyoanza jana."

"Spea sina, mama. Zimeibwa."

"Fanya mpaka pale mlipofikia."

Loth alitafuta mawe, akayaweka mbele na nyuma ya magurudumu, akayasukuma kwa kisigino kuhakikisha yameng'ang'ania. Alitoa spana, akachomeka bomba lake refu, akaishika nati ya kwanza, akapanda juu ya bomba kwa miguu yote miwili. Haikutikisika. Akaruka juu yake. Nati ikalia kama mlango mkavu, ndipo ikazunguka, na mstari wa kutu na vumbi ulioishikiza kwenye rimu ukakatika mbele ya macho yao.

"Na hiyo nyingine," alisema Dorkas.

Ya pili nayo ililia. Ya tatu vilevile. Jasho lilikuwa limemtoka Loth kuliko kazi yenyewe ilivyodai.

"Si ulisema mlikuwa mmeshazilegeza?"

"Nilizikaza tena, mama. Kwa usalama. Gari lina mzigo."

"Na kutu ukairudisha?"

Elinaza alikohoa kuficha kicheko. Dorkas hakucheka.

"Acha nati. Lori lako lina mpira wa kujazia upepo?"

"Upo."

"Washa injini. Elinaza, kitie kile kidude chako."

Elinaza alifungua kifuniko cha valvu, akaikaza sindano mpya, akaunganisha mpira wa upepo. Lori lilinguruma. Kwa muda hakuna kilichoonekana. Kisha lile tairi lililolala likaanza kujinyanyua polepole, mkunjo mmoja mmoja, kama unga wa maandazi unaoumuka, mpaka likasimama sawa na wenzake. Dorkas alichukua maji ya kunywa ya Elinaza, akayamwaga kuzunguka tairi lote na juu ya valvu. Walisubiri. Hakikutokea kipovu hata kimoja.

"Zima."

 Basi la Arusha lilipita, upepo wake ukapeperusha kitenge.

"Pancha hii imepona vizuri," alisema Dorkas. "Imepona kwa upepo tu. Sindano ya valvu ilitolewa na mtu, halafu akafunika. Nani?"

"Wale wezi..."

"Wezi walitoa upepo kwenye tairi la gari linalokimbia?"

Loth alijifuta jasho usoni.

"Bado kitu kimoja," alisema Dorkas. "Chukua panga. Nenda kakate tawi, pale pale ulipokata jana."

Alikwenda. Alizunguka kichaka cha kwanza, akaenda cha pili, akitafuta mahali pa kushika. Kila tawi lilikuwa na miiba mirefu myeupe kama sindano za kushonea magunia. Alipovuta moja, lilimrudi likamchana mkono kutoka kifundoni hadi kwenye kiwiko. Akatoka nalo, damu inachuruzika, tawi lenyewe dogo la kufukuzia kuku.

"Jana ulikata mengi," alisema Dorkas, "na mikono yako asubuhi hii ilikuwa kama ya bibi harusi. Na kisiki cha tawi lililokatwa kiko wapi? Hakuna hata kimoja." Akafungua mkoba, akatoa kile kijitawi, akakigeuza upande wa fedha. "Mti huu ni mti gani?"

Loth akaliweka panga chini.

"Wewe umeoa mlimani. Sema, ni mti gani?"

"Mgrivea."

"Mama yangu alipanda migrivea katikati ya kahawa, nimeokota majani haya tangu sijaanza shule. Hapa chini unaota wapi?"

Kabla hajajizuia, macho ya Loth yalipanda milimani, kwenye ile njia ya vumbi. Aliyarudisha haraka, lakini yalikuwa yamekwisha kufika.

"Nilimwambia Eliezeri aje na kuni za kufunikia matairi," alisema hatimaye. Sauti ilikuwa imemwishia. "Akaja na matawi yamejaa pikapu. Nikaona lori limekaa barabarani tupu, kiza bado, gari lolote linaweza kutuingia nyuma. Nikachukua machache. Miaka yote hii sijawahi kuacha lori barabarani bila matawi, mama. Sijawahi."

Dorkas aliamini neno hilo, na lilikuwa la kwanza kwake kuliamini tangu afike.

"Na Amiri?"

"Alikuwa amelala. Akaamka, akatukuta. Akasema atamwambia tajiri." Loth alijishika mkono unaovuja. "Aliyempiga ni Eliezeri, si mimi. Bomba alilishika Eliezeri."

"Bomba liko kwako tangu jana, limefutwa kwa grisi mpaka linang'aa. Bomba lolote lingine la spana barabarani lina udongo. Nani alimpiga, hilo tutamwachia Amiri aseme. Elinaza, mfunge pingu, na upige simu huko juu wamzuie mwenye pikapu ya kuni. Wasiishie kutazama kuni. Wachimbue chini yake."

Walipofika kituoni Mkuu alikuwa amekwisha kuvaa kofia, jalada liko kwapani. Dorkas aliweka juu ya meza kijitawi cha mgrivea na kifuniko cha valvu, akaeleza yote tangu mwanzo, bila haraka, hata habari ya nati zilivyolia. Mkuu alisikiliza amesimama. Katikati ya maelezo simu ya Elinaza ikaita: matairi mawili mapya yamekutwa chini ya kuni, na mwenye pikapu anasema aliyempiga utingo ni shemeji yake.

"Kila mmoja anamsukumia mwenzake," alisema Mkuu. Akavua kofia. "Mtoe yule Mmasai."

Sankale alitoka akasimama mlangoni, peku, anapepesa macho kwa mwanga. Dorkas alikata kamba iliyofunga zile katambuga, akaziweka miguuni pake.

"Vaa, baba."

Hakuvaa. "Yule mtu niliyemfunga kichwa. Amekufa?"

"Nimetoka kuzungumza na muuguzi kwa simu. Amefumbua macho."

"Amesema nini?"

"Neno moja tu, muuguzi hakulielewa. Amiri anasema alikuwa amelala chini, akasikia kengele za mbuzi. Ameuliza wale mbuzi ni wa nani."

Sankale aliinama. Kisha akaingiza mguu mmoja kwenye katambuga, na wa pili.

"Mwambie ni wangu," alisema.

Nje, Nashilu alikuwa amekwisha kunyanyuka. Hakukimbia wala hakulia. Alizibua kibuyu, akampa mumewe anywe kwanza, na kiliporudi mikononi mwake, akakiinua mwenyewe, akanywa hadi mwisho.